Neno Moja Katika Karatasi ya Tisa

Watu wa Kisarawe walimwita Wakili Saburi, naye kila mara aliwakatalia. "Mimi karani tu, jamani. Wakili ana joho na cheti ukutani. Mimi nina meza na wino." Walimwitikia vizuri, wakamaliza shida yao, kisha wakiwa njiani ungewasikia wakiambiana, "Twende zetu, Wakili ameshasema."

Jina lake kamili lilikuwa Saburi bin Mwishehe. Alizaliwa hapo hapo Kisarawe, akasoma chuoni mpaka akahitimu Kurani, kisha akaingia shule ya serikali. Mwaka 1927, akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, alipata kazi Dar es Salaam katika ofisi ya wakili mmoja wa Kihindi, Bwana Ratansi. Kazi yake ilikuwa kupiga taipu na kutafsiri. Wateja wengi walikuwa wenye nyumba na wapangaji waliopangishana vyumba kwa maneno ya mdomo, wakaja kugombana kwa karatasi. Mteja alisema Kiswahili, Saburi akakigeuza Kiingereza. Bwana Ratansi akajibu kwa Kiingereza, Saburi akakigeuza Kiswahili. Alikaa hapo katikati miaka kumi na mitatu.

Katika miaka yote hiyo, mtu aliyemkaa moyoni alikuwa mzee mmoja wa Ilala. Aliingia ofisini amekumbatia kopo la bati. Ndani ya kopo mlikuwa na barua iliyofungwa kwa kitambaa cheupe.

"Hii ndiyo karatasi yangu ya nyumba," mzee alisema kwa fahari. "Mwenye nyumba alinipa mwenyewe, na muhuri wake. Leo watu wamekuja kunitolea vyombo nje. Naomba muwaonyeshe hii."

Saburi aliifungua akaisoma. Ilikuwa amri ya kuhama, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha sheria miezi minne nyuma. Siku zote ambazo mzee angeweza kwenda kujitetea, yeye alikuwa akiilinda barua ile isiliwe na mchwa. Saburi ndiye aliyelazimika kumwambia. Mzee hakulia wala hakugomba. Aliuliza tu, "Sasa mbona hawakuandika hivyo?"

Bwana Ratansi alipotafsiriwa swali hilo alitikisa kichwa kwa huruma, na baadaye akatania, "Saburi, siku sheria itakapoandikwa kama watu wanavyosema, mimi na wewe tutauza karanga." Saburi alicheka kwa adabu, lakini swali la mzee hakuweza kulitoa kichwani.

Mwaka 1940 Bwana Ratansi alifunga ofisi akaenda kwao kumwuguza mama yake. Alimwachia Saburi mashine ya taipu, nzito kama jiwe la kusagia, na Saburi akaipeleka Kisarawe juu ya lori lililokuwa likirudi tupu baada ya kushusha mkaa mjini. Akaweka meza barazani kwake, kando ya njia ya kwenda bomani, na akaomba ruhusa ya kuwaandikia watu barua. Boma lilimpa ruhusa kwa sharti moja ambalo karani wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alimsomea mara mbili: aandike barua, asijifanye wakili. Akionekana kupotosha watu, ruhusa ingefutwa.

Haikuchukua mwaka akagundua kwamba maswali ni yale yale. Mwenye nyumba anaweza kuezua paa ili mpangaji ahame? Mpangaji akiweka mlango kwa gharama yake, akihama anaung'oa? Mgeni aliyepewa shamba alime muhogo, anaweza kupanda minazi? Watu walikuja na maswali haya wakati ugomvi umeshaiva, matusi yameshatoka, pengine hata panga limeshanyanyuliwa. Saburi akaona kuwa jibu likitangulia ugomvi, nusu ya ugomvi haitazaliwa. Akaanza kuandika karatasi, swali moja kwa karatasi moja, kwa maneno ya nyumbani. Aliyajumlisha yale aliyoyajifunza kwa Bwana Ratansi na yale aliyoyasikia kwa mahakimu wa baraza, yaani mahakama ya wenyeji, kuhusu mila za mashamba, na kila karatasi aliimalizia hivi: "Hii si hukumu. Ukiwa na shaka, nenda barazani."

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa mkewe, Biubwa binti Matano. Biubwa alikuwa binti wa mwalimu wa chuo, akisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko mzuri kuliko wa waume wengi, ila herufi za Kizungu hakuzijua. Saburi alimsomea kwa sauti huku yeye anasuka ukili wa mkeka. Mkono ukiendelea kusuka, Saburi alijua maneno yamepita. Mkono ukisimama, alijua kuna mwiba.

"Notisi ndiyo nini?" Biubwa aliuliza siku moja, mkono umesimama.

"Ni taarifa ya kuhama."

"Basi sema taarifa ya kuhama. Mimi nimedhani ugonjwa wa kuku."

Saburi aliichana karatasi akaanza upya. Ndivyo walivyofanya kazi. Yeye alipiga taipu, Biubwa akanakili kwa herufi za Kiarabu kwa ajili ya wazee, na Zahoro, mfanyabiashara aliyezunguka na baiskeli akiuza kanga na kaniki, alizichukua na kuzipeleka magulioni, mpaka Mlandizi na Ruvu. Kufikia mwaka 1949 zilikuwepo karatasi kumi na nne. Wapangaji walizipenda. Wenye nyumba wengine walimwita Saburi mfitini, lakini nao walizichukua.

Jumanne moja, masika yakiwa yanaishia, Zahoro alisimamisha baiskeli mbele ya baraza kabla hata hajafuta jasho.

"Kaka Saburi, umekuwa mtu mkubwa. Keshokutwa karatasi yako inaingia barazani Mlandizi."

"Imepelekwa na nani?"

"Na wote wawili! Kuna mama mmoja mjane huko Janga, Bi Mwanahalima, anaishi katika shamba la watu. Anayo moja. Mwenye shamba, Mwinyimadi bin Kibwana, anayo nyingine. Karatasi ile ile, ya tisa. Kila mmoja anaapa kwamba inamtetea yeye." Zahoro alicheka mpaka akashika mbavu.

Saburi hakucheka. Alimwomba amweleze tangu mwanzo. Zahoro akasema kwamba Bi Mwanahalima alipewa mahali pa kulima na mzee Kibwana miaka kumi na miwili iliyopita, akapanda minazi kumi na saba. Mzee Kibwana amefariki, na shamba limekwenda kwa mwanawe Mwinyimadi, ambaye sasa amemwambia mama yule ahame baada ya mavuno. Mama amesema atahama akilipwa minazi yake. Mwinyimadi amesema minazi haimhusu, imeandikwa hivyo katika karatasi. Mama naye amesema imeandikwa kinyume chake, katika karatasi hiyo hiyo.

Saburi akaingia ndani akatoa nakala yake. Mstari wenyewe ulikuwa mfupi, na alikumbuka jinsi alivyojisifu kwa ufupi wake: "Mpangaji wa shamba akihama, mwenye shamba atabaki na miti yake."

Akausoma tena. Alipoandika alikusudia kwamba mwenye shamba atabaki na miti yake mwenyewe, ile aliyoipanda yeye, na ya mpangaji itabaki kuwa ya mpangaji. Hivyo ndivyo alivyousoma kwa miaka mitatu. Sasa aliusoma kwa jicho la Mwinyimadi, na maneno yale yale yakageuka: mwenye shamba atabaki na miti ya yule anayehama. Hapakuwa na herufi hata moja ya kumzuia mtu asisome hivyo.

Akamwita mkewe. "Biubwa, karatasi ya tisa niliposoma, wewe ulielewa nini?"

"Kwamba mpangaji akihama, minazi aliyoipanda inabaki kwa mwenye shamba." Biubwa alisema bila kusita. "Niliona ni dhuluma, lakini nikasema ndivyo ilivyo sheria."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimeelewa. Nilielewa."

Saburi alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kwa miaka tisa alikuwa akiutazama mkono wa mkewe, akidhani mkono unaosuka bila kusimama ni dalili kwamba neno limefika salama. Kumbe linaweza kufika upesi na likafika kwingine. Na karatasi hii ilikwisha kutoka nakala zaidi ya arobaini. Alifikiria ni nyumba ngapi, huko zilikokwenda, zimeisoma kama Biubwa. Ni mpangaji gani aliyekwisha kufunga mizigo yake na kuacha miembe aliyoimwagilia maji ya kubeba kichwani, kwa sababu Saburi bin Mwishehe alipenda sentensi fupi?

"Nikienda Mlandizi nikasema nimekosea," alisema, "boma litasikia. Karani atanisomea lile sharti mara ya tatu, na hiyo itakuwa ya mwisho."

"Na usipokwenda?"

Saburi aliikunja karatasi, akaikunjua tena.

"Mficha uchi hazai," Biubwa alisema, akaanza kumtafutia kanzu safi. "Hakimu ataisoma karatasi kama atakavyoisoma. Bora awepo mtu wa kumwambia ilikusudiwa nini. Nenda."

Siku iliyofuata Saburi alipanda lori mpaka Dar es Salaam, akapata jingine la barabara ya Morogoro, akashuka Mlandizi jua linaelekea kuzama. Alilala kwa mashemeji wa Zahoro, na Zahoro mwenyewe alikuwa ametangulia kwa baiskeli. Chakula alichoandaliwa hakukimaliza, na wenyeji wakadhani ni mtu wa kujivuna.

Alhamisi asubuhi, watu walikuwa wamejaa nje ya banda la baraza. Zahoro alimwonyesha mama mmoja mwembamba, amejifunga kaniki mpya, ameketi juu ya jiwe na karatasi mkononi. Saburi akamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ndiye Saburi wa Kisarawe. Ndiye niliyeandika hiyo karatasi."

Bi Mwanahalima alinyanyuka, akamshika mikono yote miwili. "Ndiye wewe! Mungu akuzidishie, baba. Mimi sina mume, wanangu wameolewa mbali. Kama si karatasi yako ningekwisha kuondoka na kapu langu. Nimesomewa na mwalimu wa Janga, nikasema kumbe na mimi nina haki."

Saburi alitamani ardhi imeze miguu yake. Alitaka kumwambia palepale, ila karani alikuwa ameshaanza kuita majina, na mama yule aliingia barazani akitembea kama mtu anayekwenda kupokea kitu chake.

Hakimu aliitwa Pazi, mtu mzima mwenye sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Alimsikiliza Mwinyimadi kwanza. Mwinyimadi alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mpole wa uso, mwenye haraka ya maneno. Alivua kofia, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani yake, akamwomba karani aisome. Kisha Bi Mwanahalima akatoa yake, nayo ikasomwa. Maneno yalikuwa yale yale, nukta kwa nukta. Watu wakaanza kucheka.

"Kimya," Hakimu Pazi alisema. Alizichukua karatasi zote mbili akaziweka magotini, moja huku na moja kule. "'Mwenye shamba atabaki na miti yake.' Wewe Mwinyimadi unasema ni miti ya nani?"

"Ya huyu mama, bwana hakimu. Anahama yeye, nabaki nayo mimi."

"Na wewe, Bi Mwanahalima?"

"Ya kwake mwenyewe Mwinyimadi, ile aliyoipanda baba yake. Yangu ni yangu. Mtu hawezi kubaki na kitu cha mwenziwe akakiita chake."

Watu wakanung'unika, nusu upande huu, nusu upande ule. Hakimu alizitazama tena karatasi. "Mwandishi wa hii ni nani?"

Saburi alikuwa nyuma kabisa, karibu na nguzo. Akanyoosha mkono.

"Ni mimi, bwana hakimu. Saburi bin Mwishehe, wa Kisarawe."

Vichwa vyote viligeuka. Hakimu alimwita mbele. "Basi umekuja wakati wake. Tueleze. Hiyo 'yake' ni ya nani?"

Hapo Saburi aliiona njia rahisi. Neno moja tu lingetosha: ya mwenye shamba mwenyewe. Ni kweli ndivyo alivyokusudia, na mama yule angeshinda. Lakini angeshinda kwa mdomo wa mwandishi, na kesho mwingine angeshindwa kwa karatasi hiyo hiyo.

"Bwana hakimu, nilikusudia miti ya mwenye shamba mwenyewe, aliyoipanda yeye. Lakini nilichokusudia kimebaki kichwani mwangu, hakikuingia katika karatasi. Mwinyimadi hakuisoma vibaya. Mama naye hakuisoma vibaya. Hata mke wangu aliyeinakili alielewa kama Mwinyimadi, nami nimelijua hilo juzi tu. Kosa ni langu. Tena karatasi hii si sheria. Nimeandika chini yake kwamba si hukumu. Ninaomba baraza liiweke kando, na mama huyu asipoteze haki yake, wala bwana huyu ya kwake, kwa sababu ya kalamu yangu."

Bi Mwanahalima alimtazama kwa mshangao wa mtu aliyeegemea ukuta ukasogea. Saburi hakuweza kumtazama.

Hakimu Pazi alizikunja karatasi zote mbili, akamkabidhi karani. "Haya. Tumeziweka kando. Sasa tusemezane kama watu. Bi Mwanahalima, miche ya minazi ulitoa wapi?"

"Alinipa marehemu mzee Kibwana mwenyewe. Nilimwambia nataka kupanda mtama, akasema, 'Mtama unakwisha, panda na hii, utakunywa madafu uzeeni.' Ililetwa mpaka mlangoni kwangu."

"Ililetwa na nani?"

Mama akamtazama Mwinyimadi, na watu wote wakamtazama Mwinyimadi. Aliigeuza kofia yake mara mbili tatu mikononi.

"Na mimi," alisema hatimaye. "Niliibeba mimi, kwa kapu, safari mbili. Baba alinituma."

"Kwa hiyo unajua ilipandwa kwa ruhusa."

"Najua."

"Sasa mwanangu, mbona unamtoa mtu ambaye baba yako alimpa mpaka miche?"

Mwinyimadi alisema kwa sauti ya chini, haraka yake yote imemwishia. "Bwana hakimu, mimi sikuwa na nia ya kumtoa. Mama huyu ni kama mama yangu. Lakini nilisikia huko Ruvu watu wakisema, mwenye miti ndiye mwenye ardhi. Kisha mkwewe akaja, akapimapima mahali pa kujenga. Nikasema leo yupo mama, kesho atakuwepo mkwe, keshokutwa wajukuu, na wanangu wataulizwa shamba lenu liko wapi. Nikaona nimwondoe mapema, kabla sijachelewa."

"Kupimapima!" Bi Mwanahalima alisimama. "Alikuwa anapima banda la kuku, Mwinyimadi! Mimi nitake ardhi ya Kibwana nipeleke wapi, kaburini? Mimi niliogopa wewe unataka minazi. Nimekuwa nikilala na minazi hiyo kichwani tangu mfungo uliopita."

"Kwa nini hukuniambia ni banda la kuku?"

"Kwa nini hukuniuliza?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na safari hii hakimu hakuwanyamazisha. Mwinyimadi mwenyewe alijifuta uso kwa kofia, na haikujulikana anafuta jasho au kitu kingine.

Hukumu haikuwa ndefu. Ardhi ni ya Mwinyimadi na wanawe. Minazi kumi na saba ni ya Bi Mwanahalima, kwa sababu ilipandwa kwa ruhusa na Mwinyimadi mwenyewe ameshuhudia. Atakaa pale maadamu yu hai, na kila mavuno atampelekea mwenye shamba kikapu kimoja cha mahindi mbele ya watu, ili ijulikane kwamba ardhi ina mwenyewe. Akihama au akifa, minazi itathaminiwa na wazee wawili, na yeye au warithi wake walipwe. Mkwewe asijenge nyumba bila idhini; banda la kuku ruhusa.

Karani alipochovya kalamu, Saburi akaomba kusema neno. "Bwana hakimu, yakishaandikwa, naomba mmoja atoke nje. Asomewe anayebaki, aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Kisha aingie wa pili naye afanye hivyo hivyo. Wakisema mamoja, ndipo watie dole."

Hakimu alimwashiria karani aandike. "Fanya wewe."

Akaenda nje Mwinyimadi, akabaki mama. Kisha akatoka mama, akaingia Mwinyimadi. Saburi aliwasikiliza neno kwa neno. Mama alisema, "Udongo wake, minazi yangu, kikapu kimoja kila mavuno." Mwinyimadi, bila kumsikia, alisema, "Shamba langu, minazi yake mama, ananiletea kikapu cha mahindi." Wakatia dole gumba, wakatoka nje pamoja, mama akimkaripia Mwinyimadi kwa kukonda, na Mwinyimadi akibeba kapu lake.

Kabla hajaondoka mama alirudi kwa Saburi. "Umenitisha sana, baba," alisema Bi Mwanahalima. "Nilidhani umenigeuka."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine uandike mpaka mwisho."

Lililobaki lilikuwa la kwake mwenyewe. Watu walipopungua, Hakimu Pazi alimwita pembeni, na Saburi akajiandaa. Alikuwa amekwisha kupanga moyoni jinsi atakavyoiuza mashine ya taipu, na nani angeinunua.

"Unazo karatasi ngapi za namna hii?"

"Kumi na nne, bwana hakimu."

"Na boma linajua?"

"Linajua naandika barua."

Hakimu alikuna kidevu. "Mimi nasikiliza kesi za nyumba na mashamba mpaka masikio yananiuma. Tangu karatasi zako zianze kuja huku, wanakuja wakiwa wamepungua, na wanaokuja wanajua wanachouliza. Nitamwandikia Bwana Shauri nimweleze hivyo. Na ya leo nitamweleza pia, kwa sababu bora aisikie kwangu. Kuteleza si kuanguka. Ila kuanzia leo, karatasi kabla haijatoka, nitaisoma mimi kwanza. Umekubali?"

Saburi alikubali mara tatu, kama bwana harusi. Alipotoka nje njaa ilimshika ghafla. Alikula kwa mama mmoja aliyeuza chakula kando ya barabara sahani mbili za wali kwa samaki wa Ruvu, na Zahoro akamtania kwamba ugonjwa umepona.

Biubwa alipomwona akishuka kwenye lori Kisarawe, alijua kabla hajasema, kwa jinsi alivyokuwa akitembea. Hata hivyo alimtaka asimulie yote, na alipofika kwenye banda la kuku aliinamisha uso kwenye upande wa kanga akacheka mpaka machozi.

Miezi mitatu iliyofuata ilikuwa ya kuzikusanya karatasi za tisa. Zahoro alizitafuta kila gulio, na Saburi mwenyewe alikwenda kwa miguu vijiji alivyoviweza. Wakazipata thelathini na nane. Moja ilikuwa imefungiwa tumbaku, nyingine imezibia ufa wa dirisha. Mbili tatu hazikuonekana tena, na kwa muda mrefu Saburi alikuwa akimwuliza kila mtu wa Ruvu aliyefika barazani kwake kama amesikia ugomvi wa miti. Hakusikia. Karatasi mpya ya tisa ilikuwa ndefu mara tatu, na haikuwa na uzuri wowote: "Miti aliyoipanda mwenye shamba ni ya mwenye shamba. Miti aliyoipanda mpangaji kwa ruhusa ya mwenye shamba ni ya mpangaji. Ardhi ni ya mwenye shamba siku zote."

Wala hakutegemea tena mkono wa mkewe peke yake. Kila karatasi alimsomea mwenye nyumba mmoja na mpangaji mmoja, ikiwezekana wasiopendana, kila mtu mbali na mwenziwe. Biubwa naye alibaki, ila swali la mumewe lilibadilika. Hakumwuliza tena "Umeelewa?" Alimwuliza, "Niambie, nimesema nini?" Na Biubwa, aliyekuwa na ulimi, wakati mwingine alimjibu, "Umesema mengi, baba, lakini nitakupa lililo na maana."

Barua ya Bwana Shauri ilikuja baada ya mfungo. Ilikuwa ya mistari minne. Iliruhusu karatasi ziendelee, mradi zipitie kwa hakimu. Aliisoma, akamsomea Biubwa, akampa Zahoro naye aisome, kisha akawauliza wote wawili imesema nini. Walisema mamoja.

Miaka ikaenda. Mwaka 1955 karatasi zilifika ishirini na sita, na mpiga chapa mmoja wa Dar es Salaam akakubali kuzifanya kitabu kidogo cha jalada la kijani, upande mmoja herufi za Kizungu, upande wa pili herufi za Kiarabu kwa mwandiko wa Biubwa. Mpiga chapa aliuliza jina la mwandishi liwe lipi. Saburi akamwambia aandike mawili, akatamka la mkewe pole pole asije akalikosea.

Hata kitabu kilipotoka, ugomvi haukwisha Kisarawe. Wenye nyumba waliendelea kuongeza kodi, wapangaji kuahidi kesho. Lakini asubuhi moja mwaka uliofuata, Saburi alipokuwa akifungua madirisha, aliwaona watu wawili wanakuja kwa njia moja, wanaongea. Mmoja alikuwa mwenye nyumba kutoka upande wa sokoni, mwingine mwalimu mgeni anayetafuta chumba. Walimwamkia, wakakaribishwa, wakaketi.

"Kuna ugomvi gani?" Saburi aliuliza, akivuta karatasi.

Walitazamana. "Hakuna ugomvi," mwenye nyumba alisema. "Hajahamia bado. Tumeona tuje kwanza."

Katika kazi yake yote, Dar es Salaam na Kisarawe, jambo hilo lilikuwa halijamtokea hata mara moja. Alimwita Biubwa aje aone, na Biubwa akaja, akawatazama wageni, akasema basi wenye amani wanakunywa chai, akarudi ndani kuinjika maji. Saburi akamwomba mwalimu asogee kidogo mpaka uani, akamgeukia mwenye nyumba.

"Haya, bwana. Niambie, chumba chenyewe kikoje?"